Mstari wa Maji, Fins

Saa kumi na moja alfajiri, kabla jua halijawa adui,
Zahran ananishikia fimbo ya vipimo
pale jabali lilipoumwa.
Ndiyo, liliumwa: mkato mrefu wa mlalo,
kimo cha mtu aliyechuchumaa,
unaofuatana na mwamba mpaka macho yachoke.
"Shusha kidogo," nasema. "Panapoingia ndani kabisa."
Hapo ndipo maji yalipokuwa yakilamba.
Leo yako kule chini, mita kumi na tatu na nukta mbili,
yanalamba mkato mwingine, bado mchanga,
wala hayana haraka.

Natia kidole kwenye tundu.
Kome alitoboa hapa, akakaa, akanona, akafa
ndani ya nyumba aliyoichimba mwenyewe.
Gamba lake lingalimo, jeupe kama jino la mtoto.
Kome haishi nchi kavu.
Basi huyu ni shahidi,
na hakupanda hapa kwa miguu.

Ila si kila gamba la kusadikiwa.
Huko juu, katikati ya uwanda, limekaa pande la mwamba
kubwa kuliko gari letu, na chaza ubavuni.
Zahran anashangilia: "Na huku bahari ilifika!"
Namwonyesha chaza walivyopinduliwa,
midomo imeelekea ardhini.
Pande hili lilirushwa na kimbunga.
Shahidi wa usiku mmoja
haulizwi habari za miaka elfu.

Nyuma yetu nchi inapanda, baraza juu ya baraza,
mpaka kwenye mlima wenyewe.
Aliye juu ndiye mkubwa; mdogo kakaa karibu na maji.

Nilikuwa na miaka saba tulipotoka Wete kuja Sur.
Watu wazima walisema tumerudi.
Mimi sikuwahi kuondoka huku, nikarudije?
Gari la maji lilikuja Jumanne, au halikuja,
na mama akanituma darini nichungulie tangi.
Ndani ya bati kulikuwa na mistari ya chumvi,
mmoja chini ya mwenzake,
kila mmoja ni wiki na dhiki yake.
"Umefika wapi?"
"Wa nne, mama."
Kwa mstari wa nne hatukufua.
Kwa wa tano tulioga kwa kopo moja, mimi na Shinuna,
naye daima alitangulia.

Adhuhuri tunakimbilia pangoni,
kutafuta kivuli kuliko elimu.
Kuna jiwe la matone lililovunjika zamani,
na ndani yake ni kama kitunguu kilichokatwa:
duara za chokaa, tone juu ya tone,
kisha ukanda mwembamba wa vijumba vya minyoo ya bahari,
kisha chokaa tena.
Yaani pango lilidondoka, likanyamaza, likazama.
Minyoo wakajenga. Maji yakaondoka.
Na dari ikaendelea na sentensi yake
palepale ilipokatizwa.
Nalishika mkononi; ni zito kuliko linavyoonekana.
Zahran anauliza kama naweza kulisikia likinuka.
Linanuka vumbi. Nilitaka linuke chumvi.

"Sasa bahari ilishuka," anasema, "ama nchi ilipanda?"
Vyote viwili, namwambia, na si kwa mwendo mmoja.
Mwamba hauandiki nani aliyehama.
Unaandika tu walipogusana.
Anatafuna tende, anafikiri, anatema kokwa.
"Hilo si jibu la mhandisi."

Betri imebaki asilimia nne.
Anakunja fimbo; mimi naandika:
kumi na tatu na nukta mbili,
ongeza au punguza nusu mita.
Nusu mita ndilo kosa tunaloruhusiwa.
Naangalia kusini, taa zinavyoanza kuwaka Tiwi.
Nyumba zile za mbele, zenye milango ya buluu,
zimejengwa ndani ya kosa langu.